Kufuli ya Dada

Kijiji kizima kilimwita Mama Funguo, ingawa ufunguo wenyewe alikuwa nao mmoja tu, mrefu kama kidole cha kati, ameufunga kwenye ncha ya mtandio wake. Aliurithi kwa mama yake, pamoja na kazi ya kulitunza hekalu dogo la kabila lao, lile jengo jeupe nyuma ya soko ambalo wageni hulipiga picha kabla hata hawajatua mizigo.

Sasa mlango ule una mambo yake. Una kufuli mbili. Kabila lao ni watu wachache wa vijiji viwili, kimoja kila upande wa mto, na wazee wa zamani, kwa kuogopa upande mmoja usije ukajifanya ndio wenye mali, waliamua kila upande ushike ufunguo wake. Wa pili alikuwa nao dada yake, aliyeolewa ng'ambo, dakika kumi kwa miguu ukipita darajani. Miaka thelathini dada alivuka kila asubuhi, wakafungua, wakafagia, wakawasengenya majirani, wakafunga.

Mto huo ndio mpaka wa nchi mbili. Mwaka huu wenyeji wakakatazwa kuvuka bila pasi, na pasi hutolewa mji mkuu kwa mwenye cheti cha kuzaliwa, kitu ambacho dada hao hawajawahi hata kukiona. Wageni walio na pasi zao wanapita kama upepo.

Mvua zilipoanza, vigae vikaanguka. Mama Funguo akaweka sikio mlangoni akasikia tone, kisha tone jingine. Mle ndani vimetundikwa vitambaa vilivyochorwa nyuso za watu wao tangu wa kwanza. Mama yake yumo, kashika tama. Fundi paa alitazama juu akatikisa kichwa: mbao zimeoza, akikanyaga tu ataingia ndani bila kuhitaji ufunguo. Lazima nguzo zisimamishwe kwanza kwa ndani. Akarusha turubai juu, upepo ukalichukua siku hiyohiyo. Basi akajitolea kuleta msumeno wa chuma, akate kufuli moja.

"Ipi?" Mama Funguo akamuuliza.

Fundi akaigusa ile isiyo na ufunguo. Ilikuwa ya dada, na kuikata ni kama kumwambia dada hayupo tena duniani.

Kila asubuhi Mama Funguo alikwenda kwa afisa wa daraja. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, akamwita "mama yangu", akasema yeye katumwa tu. Hata ufunguo peke yake ni mzigo, mzigo unatakiwa fomu, na fomu zimeisha tangu mwezi uliopita.

Ndipo akafika mgeni mmoja, msichana mwenye kamera shingoni, aliyekuwa anavuka kwenda kutazama kijiji cha pili. Mama Funguo akamweleza habari ya paa, akamwomba amletee ufunguo wa dada yake. Dada hana simu, anasema hawezi kuongea na sauti isiyo na uso, kwa hiyo akamwelekeza nyumba: ile yenye mlango wa bluu. Mwenyewe akakaa kwenye benchi karibu na daraja mpaka mchana.

Msichana akarudi mikono mitupu.

"Nimemkuta, bibi. Mnafanana kupita kiasi. Kanilisha mpaka nikashindwa kuinuka, lakini ufunguo kakataa. Anasema hauwekwi mkononi mwa mtu asiye wenu, na kwamba wewe unajua."

Alijua. Mama yao aliwaapisha wote wawili siku moja, chumba kimoja. Angeombwa yeye, naye asingetoa. Hata hasira haikuwa na pa kwenda.

"Na kanituma neno," msichana akaendelea. "'Mdogo wangu aweke beseni, vitambaa visilowe.'"

Mama Funguo akacheka mpaka akajifuta macho. Beseni, nyuma ya mlango uliofungwa. Dada huyo, tangu utotoni ni hodari wa kuagiza.

Alasiri mvua ikashuka. Alipofika hekaluni, maji yalikuwa yanatoka chini ya mlango, kwanza meupe, halafu ya manjano, mwisho mekundu. Akaenda mbio nyumbani akarudi na beseni, akalitega kwenye ngazi ya kizingiti. Rangi za nyuso zile zikaanza kujaa humo, taratibu. Hakujua atazifanyia nini. Lilipofurika, akaenda kuleta jingine.