Mioyo ya Mbao ya Notburga

Wageni wangu wengi hufika Liechtenstein kwa bahati tu. Walikuwa wanakwenda kwingine, wakaona kibao barabarani, wakasema ngoja tupitie. Nchi yenyewe unaimaliza kabla njaa haijakuuma, wananiambia hivyo hivyo, mezani pangu, huku wanakula matonge yangu ya jibini na rojo la tufaha. Haya, tembeeni, nawaambia. Ila kabla hamjaondoka Triesenberg, zungukeni nyuma ya nyumba mkatazame mlango wa zizi.

Juu ya mlango ule kumepigiliwa mioyo ya mbao yenye rangi na maua ya karatasi. Yote ni kazi ya wifi yangu, Notburga Sele, dada wa marehemu mume wangu. Kila kiangazi alipanda na ng'ombe wa kijiji kwenye malisho ya juu, akakaa nao huko hadi Septemba, anakamua, anatengeneza jibini. Jioni alisimama ukingoni na faneli ya mbao mdomoni, akawaombea ng'ombe ulinzi wa usiku kwa kuimba mpaka milima ya ng'ambo ikamwitikia. Mwanamke mfupi, mbishi, hajui kupika hata yai. Lakini sauti ile, jamani! Niliolewa hapa nikiwa msichana, nikazeeka nikiisikia, na kila nilipoisikia niliacha nilichoshika.

Siku ya kushuka, ng'ombe huvalishwa maua na kengele kubwa, na yule anayetangulia hufungwa moyo wa mbao kipajini. Kijiji kizima kinatoka kupokea. Ila kuna sharti moja, na hapa kwetu halichezewi: ng'ombe akifia mlimani kiangazi hicho, wote wanashuka bila pambo.

Kiangazi ninachokisema kilikuwa cha mwisho kwa Notburga. Magoti yalikuwa yamekwisha, daktari alishamwambia wazi. Majira yote ya baridi alikuwa amechonga moyo mmoja, mkubwa kuliko yote, wa ng'ombe wake Stella, ili amtangulize kijijini kwa mara ya mwisho. Aliitaka siku ile kama bibi harusi anavyoitaka yake, na harusi yenyewe hakuwahi kuipata.

Wiki ya kushuka, theluji ikawahi. Mtamba wa jirani yetu Engelbert hakurudi zizini. Notburga alimtafuta kwenye ukungu kutwa nzima kwa magoti yale yale, akamkuta chini ya genge, shingo imevunjika.

Tulipopata habari tulipanda, mimi na mwanangu Rupert, mwenye basi la kutembeza wageni. Tulimkuta amekaa mlangoni mwa kibanda, sanduku la maua mapajani.

"Shangazi, pole," Rupert akasema. "Lakini nisikilize. Kesho nina wageni basi zima. Nani atajua? Watu wenyewe hawajui hata ng'ombe ana chuchu ngapi!"

"Na wewe unajua?"

"Nne! Shangazi, acha utani."

"Basi umejitahidi," Notburga akasema, lakini hakucheka.

Nyuma yetu Engelbert naye akafika, anahema, kofia mkononi. Mzee huyu mchoyo wa maneno. Ukimsalimia anakuitikia kwa nyusi. Siku hiyo akasema, "Notburga, mtamba ni wangu, hasara ni yangu. Nimekuruhusu. Wapambe."

"Engelbert, nyamaza, tafadhali. Usije ukanishawishi."

Aliutoa ule moyo kwenye sanduku, akaushika kwa mikono miwili. Machozi yakamshuka bila kuyafuta. "Natamani, wifi," akaniambia. "Natamani mno. Lakini nimvalishe Stella taji, apite mbele ya zizi ambamo mwenzake hatarudi? Asubuhi kabla hajapotea nilimwita kwa jina, yule mtoto, akaja akanilamba mkono. Siwezi."

Nilitaka kumbembeleza. Badala yake nikaenda kukoroga maziwa.

Asubuhi akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Alipita kwa ng'ombe mmoja mmoja, akazijaza kengele zao nyasi kavu, zisilie.

Tukashuka. Mimi siku za kushuka nimeziona nyingi, makelele yake unayasikia hadi bondeni, watoto wanapiga mayowe, mabati yanatikisika. Siku ile ilisikika kwato tu, na pumzi za ng'ombe. Notburga alitangulia na fimbo yake, anachechemea, hatazami kulia wala kushoto, na Stella nyuma yake, kipaji kitupu. Tulipofika nyumba za kwanza, watu waliokuwa wakipiga soga wakanyamaza. Wanaume wakavua kofia. Aliyeanza sikumwona, ila walivua wote.

Wageni wa Rupert walikuwa wamejipanga na simu zao juu. Bibi mmoja akaninong'oneza, "Kuna msiba?"

"Upo. Mtamba amekufa."

Nilisubiri acheke, nimpe lake. Hakucheka. Aliitia simu mkobani, akakunja mikono. Wa pembeni yake akafanya vivyo hivyo, kisha yule mwingine, mpaka ng'ombe wa mwisho akapita. Rupert wangu alikuwa amesimama kwenye ngazi ya basi lake, kofia kifuani, analia kama mtoto, yeye aliyesema nani atajua.

Jioni Engelbert akaja na nyundo. Hakubisha hodi. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa zizi, akapigilia msumari kando ya moyo wa mwaka uliotangulia. Hakutundika kitu.

"Huu ndio wa mwaka huu," akamwambia Notburga.

Wifi yangu akauinulia macho. "Umeupinda," akasema.

"Nimeupinda," Engelbert akakubali, na wakabaki hapo wamesimama, bega kwa bega, hakuna anayetaka kuondoka.

Ule moyo mkubwa umo sandukuni mpaka leo, haujawahi kuvaliwa. Wageni wangu wanapiga picha mioyo, wanasema mizuri, na kweli ni mizuri. Notburga sasa anatembelea mkongojo. Kila asubuhi akienda kumsalimu Stella, husimama mlangoni, hunyoosha mkongojo juu, akaugusa ule msumari, ndipo anaingia.