Korongo wa Kisian Ambaye Sikwenda Kumshuhudia

Mimi ni mwanamke wa ulimi mkali. Nimefundisha hesabu mpaka nikastaafu, na ulimi wenyewe haukustaafu. Naanza hapo usije ukanihurumia mapema, kwa sababu haya ni maelezo ya jinsi nilivyomdhihaki rafiki yangu mbele ya watu, siku aliyonihitaji kuliko siku zote. Ulimi hauna mfupa, na wangu nimeujua kwa hasara.

Kisumu tuna grupu la simu la watazama ndege. Kuna waongoza watalii, kuna fundi viatu wa Obunga anayewajua ndege kutuzidi sote, na kuna wastaafu kama mimi. Miezi mingi grupu linalala, watu wanatumiana salamu za Jumapili tu. Halafu mwezi wa tatu unafika, mawingu ya masika yanajaa juu ya ziwa, na ndege waliokuja kwetu kukimbia baridi ya Ulaya wanaanza kurudi kwao. Hapo simu haitulii. Mbayuwayu wamejaa kwenye mafunjo. Keremkerem wanapita juu ya barabara ya Busia. Kila mtu ameona, kila mtu anatangaza, kila mtu anabisha.

Sheria yetu ni moja. Ndege wa ajabu akionwa na mtu mmoja, haandikwi kwenye orodha mpaka mtu wa pili aende akamwone kwa macho yake. Huyo tunamwita shahidi. Anayekaa karibu ndiye anayekwenda, hata kama amelowesha nguo kwenye karai. Orodha nilikuwa naishika mimi, na bila shahidi sikuandika hata unyoya.

Rafiki yangu alikuwa mzee mstaafu wa reli aliyejenga Kisian, karibu na ufuo. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, dakika ishirini kwa miguu. Yeye alifiwa na mke, mimi nilifiwa na mume. Sasa jameni, mjane na mzee asiye na mke wakiingia pamoja kwenye mafunjo alfajiri, akina mama wa kanisa watasema nini? Watasema yote! Lakini kukiwa na ndege wa kushuhudia, nani ana neno? Kwa miaka tisa ndege ndio walikuwa ruhusa yetu. Yeye anatangaza, mimi navaa gambuti naenda. Tulisimama kwenye matope tukipokezana darubini moja, tukinywa chai yake ya thamosi yenye tangawizi ya kuchoma koo. Hatukuwahi kuitana bila ndege. Nilimpenda. Neno hilo naliandika leo, maana wakati ule hata moyoni sikujiambia.

Mwaka jana, mwezi huo wa tatu, alikuwa ameanza kukosea. Wiki moja alitutangazia furukombe juu ya nguzo ya stima, mimi nikatembea mpaka pale, kumbe ni kunguru wa kawaida mwenye kifua cheupe. Nilimgombeza njia nzima. Yeye alicheka tu, akasema uzee umebisha hodi.

Siku chache baadaye, asubuhi ya mvua, akaandika kwenye grupu: "Korongo mdomo-kiatu, mmoja, mafunjo ya Kisian. Ametulia. Mwalimu, njoo ushuhudie."

Huyo ni ndege mrefu kama mtoto wa shule, mdomo wake mpana kama kiatu, na mabwawa yake yako Uganda. Kwetu tunamwona kwenye vitabu. Goti lilikuwa linaniuma, mvua inapiga mabati, uji uko motoni. Nikaandika, watu wote wasome: "Mzee, hilo ni gunia la mkaa. Nenda kapime macho kwanza, ndipo utuletee ndege."

Yawa, walivyocheka! Mmoja akatuma picha ya gunia lililochorwa mdomo. Na mimi nikacheka, peke yangu jikoni. Yeye akajibu neno moja: "Sawa."

Hakuna aliyekwenda. Mimi ndiye niliyekuwa karibu, na nikishasema gunia, basi ni gunia. Kuanzia siku hiyo hakutangaza tena. Nikasema amenuna, na anune. Mbayuwayu wakaondoka, mvua ikashika, na mimi sikutembea zile dakika ishirini kwa kuwa hakukuwa na ndege wa kunipeleka. Hebu fikiria ujinga huo.

Mwezi wa sita binti yake aliyeolewa Muhoroni akanipigia simu. Alisema baba yuko kwake sasa, haoni tena. Ni presha ya macho. Tangu mwanzo wa mwaka daktari alikuwa amemwambia kwamba uoni uliobaki hautazidi miezi michache. Kesho yake nikapanda matatu ya Muhoroni.

Nilimkuta amekaa barazani, uso ameuelekeza barabarani kunakopita matrekta ya miwa. Alinijua kwa hatua zangu kabla sijabisha hodi.

"Mwalimu, goti bado linakusumbua."

"Mzee," nikasema, "kuhusu yule korongo..."

"Hakukuwa na korongo."

Nikadhani ananirahisishia. "Ulikosea kama siku ya kunguru. Mimi sikujua macho yako..."

"Kunguru nilikosea kweli. Korongo nilimtunga." Alitabasamu kidogo. "Nilitafuta ndege mkubwa wa kukutoa nyumbani kwenye mvua. Nilijua huwezi kuvumilia kosa kubwa namna ile. Ungekuja mbio kunigombeza."

"Kwa nini?"

"Mbayuwayu walikuwa wanakusanyika kuondoka. Nilijua sitawaona tena. Sikutaka kuwatazama peke yangu."

Nikapandisha sauti, ndivyo nilivyo hata nikiumia. "Si ungenipigia simu? Si ungesema tu!"

"Ningesemaje? Njoo, hivi hivi tu, bila ndege?"

Hata mimi nisingethubutu kuyasema. Nikamwomba msamaha. Akasema alishanisamehe siku ileile, kabla mvua haijakatika. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

"Nilivaa shati la Jumapili," akasema. "Nilipanga wakishapita, nikutazame wewe vizuri. Nikuweke kichwani."

Nikajifunika uso kwa leso asinione nikilia, na yeye akaendelea kuangalia barabarani.