Waithira Alivyojipunguzia Miezi

Waithira hakuwa akinunua gunia la mahindi soko la Matuu bila kupanda lori mwenyewe na kulidunga gunia bambo, kile chuma cha kutolea punje za ndani. Aliposhonwa kano za kifundo cha mguu zilizokatika, daktari wa mazoezi alimwambia afanye zoezi la kusimama kwa mguu huo pekee miezi mitatu, na asipande kitu. Akaichukua kama bei ya kuanzia. Nani sokoni hutaja bei ya mwisho kwanza? Akajipunguzia hadi mwezi mmoja, akarudi juu ya magunia.

Kifundo kikateguka. Kikapoa, kikateguka tena, hata kwenye sakafu ya kanisa.

"Tunaanza upya," daktari alisema, akimfunga mkanda mgumu. "Sasa ni miezi sita. Kikikataa, utapasuliwa tena, na hapo siahidi kitu."

"Fanya minne, daktari."

"Mama, mimi siuzi."

Siku ya soko, lori kutoka Katangi lilipofika, Waithira alisimama chini na bambo lake.

"Mama Nyakio, leta nikudungie," Musembi, mwenye mahindi, alimwambia kutoka juu. "Ama huniamini?"

"Mahindi ya kudungiwa ni kama mchumba wa kusimuliwa."

Musembi akacheka, akanyoosha mkono. Waithira aliutazama mguu wake, kisha akampa bambo. Punje alizomwagiwa kiganjani zilikuwa kavu na safi. Alijua zimetoka kwenye gunia alilolichagua Musembi mwenyewe. Akanunua hivyo hivyo.