Sifuri Arobaini na Moja za Germana

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Germana Isaya ameshafagia steshenari na kupanga rimu za karatasi. Sasa amekaa ukingoni mwa kiti, mbele ya kompyuta ya duka. Mstari mwekundu kwenye skrini unamwonyesha alipokosea.

"Inakataa," anasema kwa sauti ndogo, bila kugeuka. "Orodha nimeiambia ipokee namba tu, halafu naitilia neno."

Germana, 22, mzaliwa wa Daa wilayani Karatu, aliacha shule darasa la tano mama yake alipougua. Hapa analipwa shilingi 90,000 kwa mwezi kwa kufagia na kutoa kopi. Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, alijifunza kwenye kopi za wanachuo zilizoharibika, alizookota kwenye ndoo ya taka. Sura inayofundisha orodha aliipata kurasa mbili tu. Nyingine zilitoka nyeupe.

Februari, Saruni, mratibu wa kambi ya matibabu ya macho Loliondo, alileta majina 300 yapangwe kwa umri. Wazee watangulie, maana madaktari wangekaa siku mbili. Germana, asiyezoea kuongea na wateja, akasikia mdomo wake ukisema, "Naweza."

Programu ikagoma. Miaka iliyoandikwa kama maneno aliigeuza kuwa namba, ikaingia. Lakini wazee 41 hawakutaja miaka. Walitaja rika, kundi la Kimaasai la waliotahiriwa pamoja: Seuri, Makaa. Hayo hayageuki kuwa namba.

"Kila aliyekataliwa nikampa sifuri," anasema. "Wekundu ukaondoka. Nikafurahi kama mjinga."

Mwenye umri sifuri ni mtoto mchanga. Wazee wote 41 wakaangukia mkiani, chini ya watoto wa shule. Kambini watu waliitwa kwa kufuata orodha hiyo iliyochapwa, na madaktari wakafunga vifaa kabla ya kuwafikia. Mzee Tajewo, babu yake Saruni, aliyeletwa kutoka Samunge akishikwa mkono, akarudi alivyokuja.

Saruni alimpigia simu. "Dada Germana, kompyuta yako imemfanya babu yangu kitoto kichanga!" Kisha akaongeza: "Na mimi niliyekuwa naita majina, nikasoma tu."

Tangu siku hiyo Germana hali chakula cha mchana.

Mwenye duka, Wilibrodi, anaingia akining'iniza funguo. "Mhandisi! Maji umeshachota?" Mteja mlangoni anacheka. "Kazi ile ingeenda Arusha, kwa mwenye cheti," anaongeza Wilibrodi. Germana anainuka kuchukua ndoo.

Akirudi, anaonyesha alichobadilisha. Orodha mpya haipokei namba tupu. Inapokea mtu: jina, kijiji, na umri au rika. Mpangilio wa marika aliuandika akielekezwa na Saruni kwa simu, Seuri juu ya Makaa. Anaingiza jina la kwanza, Tajewo. Hakuna wekundu.

Lakini madaktari hawajasema watarudi lini, na Saruni hajaahidi kumpa tena kazi. Mzee mwenyewe ametuma ujumbe kwamba hapandi gari mara ya pili.

Germana anachapa ukurasa huo na kuukunja mara nne. Saruni akishuka Karatu, atampa aupeleke Samunge.

"Nataka Mzee aone jina lake liko juu," anasema, kisha anaishika ile karatasi kwa mikono miwili. "Kuona hawezi. Basi asomewe."