Wino Mwekundu Kwenye Leseni ya Cuthbert

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe 14 Novemba 1953, na yaliharibika kwa sababu ya utamu.

Asubuhi ile Cuthbert, dereva wa lori, alipakia karanga kijijini kwao Mkunya. Mwenye karanga akampa chupa ya uraka, maji ya mabibo yaliyokamuliwa muda uleule. Uraka wa asubuhi hata mtoto hunywa. Cuthbert akaiweka chupa kando ya kiti, kwenye joto la injini, akawa anapiga funda njiani. Jua likapanda, na uraka nao ukapanda. Kufika Newala chupa ilikuwa pombe na kichwa kilikuwa ngoma. Lori likaacha barabara, likafagia mawe yaliyopakwa chokaa mbele ya boma, likasimama katikati ya kabichi za Bwana Shauri, Mzungu wa boma.

Hakuna aliyeumia ila kabichi.

"Nilikunywa, sikatai," anasema Cuthbert. "Ulimi uliniambia umegeuka huu. Mimi ndiye niliyeuambia ulimi unyamaze."

Akanyimwa usukani mwaka mzima, adhabu akaimaliza. Lakini leseni ilirudi na mstari wa wino mwekundu: aliendesha gari akiwa amelewa, na kwa mstari huo hakuna aliyempa tena usukani. Jumamosi ileile jioni wako wakubwa waliotoka klabu yao na magari yao, wanaimba, na hakuna karani aliyechovya kalamu. Tuyaache hayo.

Sasa ni mwaka wa tano. Alfajiri ya leo lori lilelile linashuka mteremko wa kwenda Chiungutwa. Usukani anao Dadi, kijana aliyefundishwa na Cuthbert mwenyewe. Cuthbert yuko nyuma, anatembea mbiombio na kabari ya mti begani, tayari kuisukumia chini ya gurudumu breki zikigoma. Mwalimu amekuwa utingo wa mwanafunzi.

"Gia ya pili, mwanangu," anapaza sauti.

"Nimo, mwalimu."

"Umo kwenye ya tatu. Nasikia kwa masikio, sioni kwa macho."

Lori linaguna, gia inarudi. Abiria juu ya magunia wanacheka. Mmoja anamchokoza: "Baba Lois, leo umekunywa nini?"

"Maji. Tena aliyeyachota simtaji, maana atadai shukrani."

Aliyeyachota ni mkewe Ethel, Mama Lois. Huku juu Mkunya udongo haushiki maji. Ethel hushuka bondeni gizani na kupanda na ndoo kichwani jua likiwa limewaka. Ndiyo maana habari iliyofika mwezi uliopita ilimkosesha Cuthbert usingizi: litaletwa lori la kusambaza maji vijijini, na anatafutwa dereva anayeijua milima hii. Sharti ni moja, leseni iwe safi.

"Nikilichukua lori hilo," alisema jana usiku nyumbani, "Mama Lois ataiweka ndoo mlangoni, akae."

"Nitakaa nifanye nini?" Ethel aliuliza huku akimpakulia ugali wa muhogo. "Nikuangalie wewe? Kula, uraka hukuuogopa, ugali unauogopea nini?"

Kila siku humkumbusha uraka, na kila siku humwekea maji yake kwenye chupa. Mwenye mke wa kumkemea na alisikilize kemeo lake vizuri. Nyumba ikinyamaza, hainyamazi kidogo.

Cuthbert alikwenda bomani Newala kuuliza: wino mwekundu hukaa muda gani? Karani akamwambia hilo ni la Masasi. Masasi wakamwambia hilo ni la Mtwara. Wakubwa wana wino wa kuandikia, wa kufutia kila ofisi inasema uko kwa mwenzake.

"Wangeniambia miaka kumi, ningehesabu," anasema. "Wangeniambia hadi kufa, ningekata tamaa nikalime. Mtu hawezi kusubiri kitu kisicho na mwisho wala hawezi kuacha."

Wiki ijayo Dadi anapeleka mzigo Mtwara. Cuthbert atapanda nyuma na kabari yake, leseni imefungwa kwenye kitambaa cha Ethel, akawaulize hukohuko. Dadi amekwisha kusema kwamba kazi ya maji hataiomba yeye hadi mwalimu wake apate jibu.

Mteremko umekwisha. Cuthbert anaitua kabari na kujipangusa uso, na vidole vyake vinapita juu ya chale alizochanjwa akiwa kijana.

"Fundi wangu alikuwa muungwana," anasema. "Kabla hajashika kisu aliniambia, mwanangu, hii haifutiki, unakubali? Nikakubali. Na hawa walionichora kwa wino, mbona mpaka leo hakuna aliyeniambia yao inafutika lini?"