Majoho Yaliyoshuka Kitonga

Ukiniuliza kazi yangu ni nini, nitakuomba kwanza ukae. Kwenye kitambulisho kinachoning'inia shingoni mwangu imeandikwa Isakwisa, na chini yake neno "Mechandaiza", ambalo pale mtaani kwetu Soweto, Mbeya, kila mtu analielewa anavyotaka. Jirani mmoja anaamini nauza mashine. Mama yangu aliwatangazia wenzake kanisani kuwa mwanawe ni fundi wa nguo, na tangu hapo kila nikienda kumsalimia nakuta vitenge vya watu vimekunjwa kitini vikinisubiri. Sijui kushona. Kifungo cha shati kikikatika, navaa sweta juu yake mpaka apatikane mtu wa kunionea huruma.

Ninachofanya ni kusimama katikati. Kiwanda chetu ni kidogo, ukumbi mmoja uliojaa cherehani, na mwenyewe ni dada Damari. Mteja akija anasema, "Nataka kitu kizuri, cha heshima." Fundi hawezi kukata heshima kwa mkasi. Lazima mtu ayageuze maneno hayo yawe kitambaa fulani, rangi fulani, kola ya upana fulani na tarehe ya kuchukua mzigo. Mtu huyo ni mimi. Mteja akikosewa, nimekosea mimi. Fundi akichelewa, nimechelewa mimi. Mvua ikikwamisha lori la vitambaa njiani, dada Damari hunitazama kama vile mimi ndiye niliyeifungulia.

Lakini usinidharau sana. Nikikifinya kitambaa kiganjani na kukiachia, najua kama kitakunjamana. Nachomoa uzi mmoja, nauwasha kwa kiberiti na kunusa: ukinuka karatasi iliyoungua, ni pamba, ukinuka plastiki na kubaki kidonge kigumu, mwenye duka amenidanganya. Rangi siitazami chini ya taa ya dukani, naitoa nje juani. Mambo haya nayajua vizuri, na kwa sababu nayajua vizuri nilianza kujiona.

Ndipo ikaja simu kutoka Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa. Mama Faustina, mwenyekiti wa kwaya ya kanisa la huko, alitaka majoho mapya kwa kwaya nzima. Nikapanda basi. Ulikuwa mwezi wa saba, na mimi niliyezaliwa kwenye baridi ya Mbeya nilifika Kalenga nimeingiza mikono kwapani.

"Kamwene, baba," Mama Faustina alinisalimia kwa Kihehe, akanisogezea kiti karibu na jiko la mkaa.

Kwa kuwa wanakwaya wengi walikuwa akina mama, yeye ndiye aliyeshika futi, mimi nikaandika vipimo. Walipimwa wakiwa na masweta, na wengine walikuwa na shuka ndani ya masweta. Nililiona hilo. Nikajisemea, joho ni vazi la kupwaya, haidhuru.

"Rangi gani, mama?"

"Damu ya mzee."

"Na kola?"

"Rangi ya maziwa. Na kitambaa kiwe kizito kidogo, baba. Baridi yetu unaiona mwenyewe."

Nilihisi nimezaliwa kwa ajili ya jibu lile. "Nitawawekea na bitana ndani," nikamwambia. "Mtaimba kama mmejifunika blanketi."

Akanishukuru sana. Nilimwuliza mikono iwe mirefu kiasi gani, zipu iwe mbele au nyuma, pindo lifike wapi. Nilimwuliza kila kitu ambacho mtu wa kazi yangu anapaswa kuuliza, isipokuwa kimoja: siku ya kwanza watayavalia wapi.

Rabson, fundi wetu mkuu, alishona sampuli. Niliifua, nikaianika, nikaifua tena. Haikuchuja, haikurudi. Dada Damari aliijaribu, akazunguka nayo ukumbini, halafu akagoma kuivua kwa sababu ya baridi. Nikaona hiyo ndiyo sahihi ya mwisho.

Mzigo niliupeleka mwenyewe mwezi wa kumi. Nilifika kanisani Kalenga asubuhi na mapema nikakuta basi dogo la kukodi limeegeshwa uani. Akina mama walipofungua maboksi walipiga vigelegele. Kwa kuwa asubuhi ilikuwa na ubaridi, niliwashauri wayavae hapo hapo, yasije yakakunjamana njiani. Huo nao ulikuwa ushauri wangu.

"Panda, baba," Mama Faustina akaniambia. "Twende wote ukaone kazi yako."

"Tunakwenda wapi, mama?"

"Kwenye tamasha la kwaya. Ruaha Mbuyuni."

Ruaha Mbuyuni nilikuwa nimepita mara nyingi nikienda Dar es Salaam, na mara zote nilikuwa nimelala, kichwa kwenye kioo. Nilichojua ni kwamba wanauza vitunguu. Nikasema, "Vizuri," nikapanda.

Ilula tuliipita tukiimba. Tulipoanza kuteremka mlima wa Kitonga mtu mmoja akafungua dirisha. Kabla kona hazijaisha madirisha yote yalikuwa wazi na wimbo umekufa. Tuliposhuka Ruaha Mbuyuni, joto lilitupokea usoni kama mtu amefunua sufuria ya makande.

Tulipewa darasa la shule ya msingi la kujiandalia. Filemoni, mkulima mwenye mwili mkubwa anayeimba besi, aliketi kwenye dawati la watoto, jasho likimchuruzika mpaka kwenye kola ya maziwa.

"Mimi nakufa," alisema taratibu, kama anayetoa taarifa.

Mama Faustina aliniita pembeni. Hakugomba. Ningefurahi kama angegomba.

"Ulijua tunakuja huku?"

"Sikujua, mama."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

"Na mimi sikusema," alijibu, akajipangusa shingo. "Haya, tunafanyaje?"

Nikampigia Rabson. Nikamwuliza bitana inatokaje.

"Inatokaje vipi?" akashangaa. "Niliishona isitoke."

Nilimweleza hali ilivyo, cherehani za kiwandani zikilia nyuma yake. Kisha akasema, "Wafumue kwenye pindo kwanza, halafu mikononi, wamalizie ndani ya kola. Taratibu. Na kaka, wewe usishike wembe. Wape wanaojua."

Nilinunua nyembe kwenye kibanda cha jirani, nikarudi darasani. Hapo ningetii ningekuwa mtu mwingine. Lakini wote walikuwa wananitazama, na mimi ndiye niliyetoka kiwandani. Nikachukua joho la Mama Faustina ili niwaonyeshe.

"Mnafanya hivi," nikasema. Wembe ukapita kwenye bitana, ukapita na kola, ukaja kukomea kwenye kidole changu.

Mama Faustina aliitazama kola, akakitazama kidole. Alichana kipande cha bitana, akanifunga, kisha akautoa wembe mkononi mwangu kama mtu anavyomnyang'anya mtoto.

"Wewe, baba, utapokea bitana."

Basi nikapokea bitana. Wale akina mama walikaa kwenye madawati wakafumua kwa kasi ambayo sijawahi kuiona hata kiwandani. Walikuwa wakizungumza Kihehe, ambacho sikijui, ila jina langu nililisikia mara nyingi, na kila lilipotajwa walicheka. Mimi nilisimama mlangoni na rundo la bitana mikononi. Mfanyabiashara mmoja wa vitunguu aliyekuwa akipita alisimama, akauliza kama nauza.

"Siuzi."

"Sasa ni za nini?"

Nikalikumbatia rundo langu.

Zamu yao ilipofika walitoka wamejipanga, nyuzi zikining'inia kwenye mapindo. Upepo kidogo ulipita kutoka upande wa mtoni. Kwa sababu niliacha wapimwe juu ya masweta, majoho yaliwapwaya, na sasa bila bitana yalijaa upepo kama mapazia. Makosa yangu mawili, kwa mara ya kwanza, yalisaidiana. Mama Faustina aliimba ameinua kitabu cha nyimbo mpaka kidevuni ili kuficha kola iliyokatwa. Filemoni, aliyekuwa amekwisha kufa, alishusha besi mpaka mabati ya darasa yakaitikia. Nilisimama pale na rundo langu, na kwa muda wa wimbo ule nilisahau kuona aibu.

Hawakushinda. Ilishinda kwaya ya wenyeji iliyovaa mashati meupe ya mikono mifupi. Niliyatazama mashati yale kwa muda mrefu. Aliyeyaagiza, huyo mtu alijua kazi.

Nilirudi Mbeya na bitana zote kwenye gunia, nikamsimulia dada Damari jambo lote, kidole kikiwa bado kimefungwa. Alikuwa hajajibu kitu simu yake ilipoita. Alikuwa Mama Faustina, na dada akaweka sauti ya wazi ili na mimi nisikie ninavyosemwa.

"Bitana zetu tunazitaka," Mama Faustina akasema. "Asubuhi kanisani kwetu bado kuna baridi. Ila mtuwekee namna ya kuzivua, kama tulivyofanya kule. Safari hii bila wembe."

Dada Damari alinitazama, akaitazama simu. "Inawezekana, mama," akasema.

Rabson alizirudisha kwa vifungo, na kola ya Mama Faustina akaibadilisha. Siku hizi kwaya nyingine zinakuja kuuliza majoho yenye bitana ya kuvua. Dada Damari huwaeleza kwamba wazo hilo tulilipata baada ya kuwafuatilia wateja kwa makini mpaka mahali wanapovalia nguo zetu. Mimi hutazama dirishani.

Na sasa nauliza. Juzi alikuja mama mmoja mwenye mgahawa kuagiza aproni za wafanyakazi wake.

"Watazivalia wapi, mama?"

"Jikoni, baba."

"Jikoni kwa wapi? Kuna baridi au joto? Watasafiri nazo?"

Akamgeukia dada Damari na kumwuliza kwa upole kama kuna mtu mwingine anayeweza kumhudumia.