Mabakuli Yalivyoingia Kantini

Nilijiunga na klabu ya mazingira ya chuo kwa sababu ya mvua. Nilikuwa mwaka wa pili, nashuka kutoka maktaba kwenda hosteli, mara mvua ikashuka kutoka upande wa ziwa kama imetumwa. Nikajibanza kwenye darasa la kwanza lililokuwa na mlango wazi. Ndani walikaa watu wachache, wametawanyika kama wanafanya mtihani, na mbele yao dada mmoja wa hijabu ya kijani anauliza nani yuko tayari kuwa mwenyekiti. Wote waliinamia simu zao. Mimi nilimtazama, kwa adabu tu, maana nilikuwa nimeingia bila hodi. Mvua ilipokatika nilitoka nikiwa mwenyekiti, yeye katibu.

Kwetu ni Bukoba vijijini, nimekulia migombani, na mbele za watu sauti yangu ilikuwa inaishia kooni. Katibu alikuwa mtoto wa mjini, wa mtaa wa Mabatini. Baba yake ana duka la vyombo, naye alianza kuita wateja tangu meno ya utotoni.

"Mhaya gani wewe hujui kujisifu?" aliniuliza siku hiyo hiyo. Tukawa marafiki.

Kazi ya klabu ilikuwa kuokota taka ufukweni kila Jumamosi asubuhi, kwenye mawe yaliyo chini ya chuo. Nyingi zilikuwa vile vifungashio vyeupe, vyepesi, ambavyo kantini ilitupakulia chakula cha mchana. Watu walikula kwenye vimbweta, zile meza za saruji za nje, wakaviacha hapo hapo, wakaingia darasani, na upepo wa mchana ukavisukuma vyote ziwani. Korongo wenye upara walivipekua taratibu kama wakaguzi wa hesabu. Sisi tulijaza viroba, tukapiga picha, tukazirusha kwenye makundi ya darasa, tukasifiwa sana. Jumatatu ufukwe ulikuwa umerudi vile vile.

"Tunadeki huku bomba linamwaga," katibu alisema, ameshika kiuno. "Watu waje na vyombo vyao. Basi."

Ilionekana rahisi mpaka siku ya kwanza tulipopanga foleni tukiwa na mabakuli ya bati yenye maua, kutoka dukani kwa baba yake. Foleni nzima iligeuka.

"Kidato cha kwanza hao! Kengele imeshalia?" mmoja alipaza sauti. Mwingine akauliza kama tumekuja na ndoo na fagio pia. Wengi wetu tulikuwa tumetoka shule za bweni, tumeshaapa hatutabeba tena sahani na kijiko maishani. Nilitamani bakuli langu liingie kwenye mkoba. Katibu alilinyanyua lake juu kama kombe la ligi, akazunguka nalo. Alikuwa anacheka, ila masikio yangu mimi yaliwaka mpaka nilipomaliza kula.

Tuliendelea hivyo kwa wiki kadhaa, sisi na wanachama wachache ambao hawakuwa na aibu au hawakuwa na marafiki wa kuwacheka. Nilikuwa nimeshaanza kutunga sababu za kujiuzulu. Halafu siku moja vifungashio vikaisha kabla ya foleni.

Aliyekuwa mbele yetu siku hiyo ni beki wa timu ya mpira ya chuo, mtu mrefu mwenye viganja kama pasi. Mama mwenye tenda ya kantini alimwambia asubiri, vifungashio vinaletwa na bodaboda. Yeye akageuka, akamtazama katibu kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kuuona uwanjani.

"Dada, niazime bakuli. Nina kipindi sasa hivi."

Katibu akampa. Mama akachota wali akamimina, akaona bakuli halijajaa, akaongeza. Akamwaga maharage, akaona bado kuna nafasi, akaongeza tena. Beki akalitazama lile bakuli kama mtu aliyepewa habari njema hospitalini.

"Kumbe!" akasema.

Kesho yake timu nzima ilikuja na mabakuli. Keshokutwa, wanafunzi wa uhasibu, nao hawapitwi na hesabu. Hotipoti zilitoka chini ya vitanda vya hosteli, za harusi, za mama, za kukopa. Jumamosi ile viroba vyetu vilirudi vyepesi, tukakumbatiana pale kwenye mawe. Niliandika ujumbe mrefu kwenye makundi kuhusu mwamko wa wasomi na mustakabali wa ziwa letu. Katibu alipousoma alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwamko wa matumbo," alisema.

Alikuwa sahihi. Vyombo vilikua siku hadi siku, na kijana mmoja alipokuja na beseni, jipya, bado lina karatasi ya dukani, walio nyuma ya foleni walikuta sufuria inakwanguliwa. Kukawa na kelele. Mchana ule mama wa kantini alituma mtu atuite.

Tulimkuta ameketi kwenye kigoda nyuma ya jiko, kanga imefungwa kiunoni, anapepea uso kwa mfuniko.

"Shikamoo mama," tulisema pamoja.

"Marahaba wanangu. Karibuni mnieleze nimewakosea nini."

Akaendelea, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Nimewapenda, nikawaunga mkono. Sasa watoto wa watu wanalala njaa kwa ajili ya mabeseni. Kesho narudisha vile vyeupe. Vile vina kipimo kimoja, havizidi."

Katibu, ambaye kila mara ndiye aliyesema kwanza, alinigusa kiwiko. Nilijisikia nikisema, "Mama, upawa." Wote wawili wakanitazama. "Upawa mmoja kwa kila mtu. Liwe bakuli, liwe beseni, upawa ni ule ule. Na aliyekuja na chombo chake, basi… mwongeze mchuzi kidogo."

Mama alifikiri. "Mchuzi sina shida nao. Lakini mimi siwezi kupika huku nabishana na vijana. Mtawatangazia nyie. Wewe," akaninyooshea mfuniko, "wewe uliyesema."

Usiku ule sikushika kitabu. Kesho yake, saa ya chakula, katibu alinisukuma juu ya benchi mbele ya foleni. Niliona mabakuli, hotipoti, lile beseni, na nyuso zenye njaa, na sauti yangu ikaanza kurudi kule kooni ilikozoea.

"Ndugu wanafunzi," nilisema. Hakuna aliyenisikia.

Beki akageuka kuwatazama wenzake. "Tulieni bwana! Mwenyekiti anaongea."

Wakatulia. Nikawaambia habari ya upawa na mchuzi, nikawaambia waliokosa chakula jana ni wenzetu, nikawaambia na vile vyeupe tunavyoviokota vikiwa na alama za midomo ya korongo. Sikusema mustakabali hata mara moja. Wa beseni akauliza, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, kama mchuzi wa nyongeza ni mwingi kiasi gani. Watu wakacheka, nami nikacheka, na nilipokuja kushtuka nilikuwa nimeshashuka kwenye benchi na nimo kwenye foleni.

Wako waliorudia vifungashio wiki ile ile. Bila wali wa ziada hawakuona sababu ya kuosha bakuli. Lakini wengi walibaki, wengine kwa mchuzi, wengine kwa mazoea, na wachache, naamini, kwa ajili ya ziwa. Mama wa kantini akaacha kuagiza maboksi mengi ya vifungashio. Kidato cha kwanza hakikutajwa tena.

Jumamosi moja mwishoni mwa muhula tulimaliza kuokota mapema mno, hata hatukujua tufanye nini na asubuhi iliyobaki. Tukakaa juu ya jiwe kubwa tunatazama kivuko kinavyokata maji. Beki alikuwa amekuja, na nusu ya timu, viatu mkononi. Katikati ya mawe hapakuwa na cheupe chochote, ila chupa za maji zilikuwa zinaelea zikija upande wetu, kutoka mjini au kokote zilikotoka.

"Mwenyekiti," beki aliuliza, "na hizo je?"

Katibu alinigeukia, nyusi juu, anasubiri. Niliwaambia sijui bado, wasogee karibu tujadiliane.